Chumba cha Bibi Hakikuungua

Kila jioni baada ya shule, kazi ya Chiriku ilikuwa kumpelekea bibi yake chai na kumsimulia habari za siku nzima. Jina hilo la ndege alipewa na bibi mwenyewe, kwa sababu mtoto huyo alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu hapo hajanyamaza. Ila sasa chai ilinywewa nyumbani kwa shangazi, mtaa wa pili, walikohamia wote. Moto ulikuwa umeunguza jiko na sebule yao, na majirani waliouzima kwa ndoo za maji waliiacha nyumba imelowa chapachapa.

Baba alizima swichi kuu ya umeme, akafunga mlango, akapiga marufuku mtu yeyote kuingia mpaka fundi aje kukagua. Wote walikubali. Bibi alikubali kwa mdomo tu.

"Mke mwenzangu," alimwambia Chiriku siku moja, kwa utani wao wa siku zote, "kitanda cha shangazi yako ni kizuri, lakini usingizi wangu niliuacha kule. Twende tukakione chumba changu."

Chiriku alijua ni makosa. Lakini bibi alikuwa amekonda, macho yamemwingia ndani kwa kukosa usingizi, na huruma ikamshinda. Bibi akafungua pindo la nguo yake, akatoa ufunguo wa akiba, wakaenda.

Kweli, chumba cha bibi hakikuungua. Kitanda, pazia, kioo, hata dawa zake za kila siku, vyote vilikuwa mahali pake. Bibi akakaa kitandani, akapapasa mto wake, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya moto. Chiriku akashika ufagio. Alipofagia mara mbili tatu tu, vumbi jeusi liliinuka, koo likamwasha, na bibi akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kiganja chake kilichopapasa mto kilikuwa cheusi tii. Dari juu ya kitanda ilikuwa na doa la maji, na ukuta wenye swichi ya taa ulikuwa bado mbichi.

"Masizi tu hayo," bibi alisema. "Kesho kutwa baba yako akienda kazini, nitawasha umeme, nilale kwangu. Nawe, kwa mara moja tu maishani mwako, funga mdomo."

Chiriku akaahidi. Wakati wa chakula cha jioni hakusema neno, hata shangazi akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Akimsema bibi, bibi atamchukia. Akinyamaza, bibi ataishika swichi ile. Hatimaye akamgeukia bibi mwenyewe.

"Nisamehe, Bibi. Siwezi kunyamaza."

Akamweleza baba yote, pamoja na kosa lake la kuingia na kufagia. Bibi akaweka kikombe chini, akaenda kulala bila kumuaga mtu. Chiriku alilia sana, maana hakumpenda mtu yeyote kuliko bibi yake.

Kesho yake, Chiriku alipotoka shule, alimkuta baba pale nyumbani na fundi umeme. Fundi alivaa barakoa, akapanda ngazi, akafungua ubao mmoja wa dari juu ya kitanda. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, kajifunika pua. Plastiki ya nyaya ilikuwa imeyeyuka kwa joto lililopita darini, nyaya ziko wazi, mbao zimelowa.

"Mama, ungewasha swichi kuu, ukuta huu ungekupiga shoti," fundi alisema kwa upole. Akaeleza pia kwamba masizi hayafagiwi yakiwa makavu, kwa kuwa yanaingia kifuani, na kwamba dawa zile za chumbani, zilizopata joto na moshi, zisinywewe tena.

Bibi aliitazama dari ile. Kisha akamwita mjukuu wake, akamshika mikono.

"Nilikukasirikia bure," alisema. "Mtu mzima akikuomba ufiche jambo la hatari, hata akiwa mimi, usimsikilize. Sema, mwanangu. Sema upesi."

Matengenezo yangechukua wiki kadhaa. Bibi akaguna, akatoa sharti: kama ni kulala kwa shangazi, basi Chiriku alale naye na ampigie soga mpaka usingizi umchukue. Jioni hiyo Chiriku alianza na habari za shule. Hajafika nusu, bibi alikuwa anakoroma.