Koti la Shabaha ya Saba

"Shangazi, mgeni anafika saa sita kamili. Chai iwe tayari."

Sauti ya Kanali ilikatika sikioni.

Mwanamke aliyekaa nyuma ya mashine ya fotokopi alitupia jicho saa yake ya Casio ya plastiki. Saa tano na dakika kumi na nane. Maana ya maneno yale aliijua. Baada ya dakika arobaini na mbili, droni iliyokuwa ikizunguka juu ya mawingu ingeachia kombora kwenye jengo la ng'ambo ya barabara.

Chai ilikuwa neno lake yeye la kuthibitisha shabaha. Ndiyo, au hapana.

Miaka ishirini na tatu katika idara, na bado walimpeleka yeye. Magoti yalimuuma. Macho yalikuwa kama yamemwagiwa mchanga. Alikuwa hapo tangu saa mbili asubuhi, akijifanya karani, akitoa nakala za vyeti vya watu huku akihesabu wanaoingia na kutoka kule ng'ambo.

Shabaha ya Saba aliitwa Fundi Saa, mwanamume anayechechemea. Ndiye aliyekuwa akivusha makombora mpakani, na ndiye aliyekuwa akila hasara tangu mazungumzo ya kusimamisha vita yaanze. Mkataba ulikuwa utiwe saini kesho yake. Kwa siku nne simu ya Fundi Saa ilikuwa ikitoa mawimbi ndani ya jengo lile. Chini palikuwa na dobi. Juu, kwa mujibu wa makao makuu, palikuwa patupu.

Patupu?

Alikuwa ameona wanawake kumi na wanne wakipanda ngazi. Walioshuka walikuwa watano. Wote wana matumbo makubwa, mikono kiunoni, wakipumzika kila baada ya vidato vitatu.

Alibonyeza redio ndani ya mkoba. "Kanali, juu kuna watu. Nadhani ni kliniki ya wajawazito."

"Kliniki ilihama wiki iliyopita. Haipo tena kwenye orodha ya majengo yasiyopigwa."

"Iliyohama ni orodha. Kliniki iko mbele ya macho yangu."

Sauti nyingine iliingia, laini, yenye lafudhi ya mbali. Mshauri wa kigeni. Ndiye aliyekuja na mitambo ya droni, na tangu hapo hakuondoka chumba cha operesheni.

"Mama, tuna vyanzo viwili. Mawimbi ya simu na mtoa habari. Sheria inataka viwili."

"Mtoa habari ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Na mitambo inayonasa simu?"

"Shangazi," Kanali aliingilia, "una dakika thelathini na saba."

Alinyanyuka. Kiti kilipiga kelele, na magoti pia.

Zamani, katika mji mwingine, aliwahi kusema ndiyo. Gari lilikuwa lile lile, rangi ile ile, barabara ile ile. Aliyeuawa ndani yake alikuwa fundi wa matangi ya maji tu. Hakuna aliyemlaumu. Utaratibu wote ulikuwa umefuatwa kwenye karatasi. Tangu siku hiyo hasemi ndiyo bila kuona kwa macho yake mwenyewe, na tangu siku hiyo halali vizuri.

Alivuka barabara. Bastola ya Glock ilikuwa nyuma ya kiuno, chini ya shati pana.

Kwa dobi palikuwa na mvuke na harufu ya sabuni. Dobi mwenyewe, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa akinyoosha suruali.

"Karibu, mama. Za kuchukua au za kuacha?"

"Za kuulizia. Kuna mtu ameleta nguo siku nne zilizopita na hajarudi? Mwanamume, anachechemea mguu wa kushoto."

Dobi aliweka pasi wima. "Huyo! Una undugu naye?"

"Namtafuta."

"Mwambie aje na adabu zake. Kaniletea koti, kasema nisilifue kwanza, nisubiri simu yake. Sasa hilo ni pambo au ni nguo? Na zito hilo, kama limeshonewa tofali."

Koti la kijivu lilining'inia kwenye kona. Alipapasa bitana. Kitu kigumu. Alitoa kisu kidogo, akachana uzi.

Simu. Imeunganishwa na betri nne nene, zimefungwa kwa utepe wa gundi.

Taa yake ya kijani ilikonyeza.

Kwa hiyo Fundi Saa hakuwahi kukaa hapa. Alichotaka ni kombora la jeshi la nchi liangukie kliniki ya wajawazito, siku moja kabla ya saini. Nani angetia saini baada ya hapo?

"Baba, watoe watu wote juu. Sasa hivi. Wapite mlango wa nyuma, polepole, wasikanyagane."

"Kuna nini?"

"Kuna watu wanaotaka kuua. Nisaidie."

Mzee alimtazama mara moja tu. Kisha akakimbia ngazini na miwani ikiruka puani.

"Kanali, simu iko ndani ya koti. Mtu hayupo. Narudia, mtu hayupo. Sitisha."

Ukelele wa mitambo ukamjibu. Mtu alikuwa ameziba masafa yake ya kutoa sauti. Kusikia bado alisikia.

"Tumempoteza Shangazi," Mshauri alisema. "Nadhani wamemkamata. Kanali, tusisubiri saa sita. Piga sasa."

"Rubani, jiandae," Kanali alisema. Sauti yake ilikuwa nzito.

"Niko tayari." Huyo alikuwa msichana anayeongoza droni kutoka chumba kilicho mbali sana na barabara ile.

Shangazi alifikiri kwa sekunde mbili. Hakuwa na nguvu ya kufikiri zaidi.

Akavaa koti.

Akatoka mlango wa mbele na kutembea kuelekea uwanja wa mpira, hatua mia mbili mbele, mahali pasipo na mtu.

Sasa shabaha ilikuwa yeye.

"Mawimbi yanasogea!" Rubani alisema. "Yametoka kwenye jengo."

"Anatoroka," Mshauri alisema. "Piga!"

"Namwona. Amevaa koti la kijivu. Anatembea... Kanali, hachechemei."

Alifika katikati ya uwanja. Jua lilikuwa kali. Akasimama, akavua kitambaa kichwani, akainua uso juu. Mvi zake zote zikaonekana. Akanyoosha mkono wa kulia na kuutikisa: hapana. Hapana. Hapana.

"Ni mwanamke," Rubani alinong'ona. "Mtu mzima. Ananiangalia mimi."

"Ni hila! Una sekunde nane kabla hajafika kwenye nyumba!"

"Hakimbilii nyumba yoyote, bwana. Amesimama."

"Weka mkono mbali na kitufe," Kanali alisema. "Yule ni Shangazi. Karani wa operesheni! Fungua orodha. Nani aliifuta kliniki?"

Vidole viligonga kibodi. Shangazi alisikia kila mlio.

"Alhamisi, saa nane mchana, Kanali. Imefutwa kwa nenosiri la Mshauri."

Kiti kilianguka. Buti zilikimbia. Mshauri aliguna kama aliyepigwa tumboni, na ule ukelele wa mitambo ukafa.

"Shangazi, unanisikia?"

"Nakusikia. Subiri."

Juu ya paa la ghala, pembeni mwa uwanja, kioo kilimeta. Kamera juu ya miguu mitatu. Bila shaka. Kliniki ikilipuka bila picha, dunia ingeaminije?

Mwanamume alikuwa akishuka ngazi ya chuma kwa haraka. Mguu wa kushoto ukiburuta.

Hakumkimbilia. Alikwenda kwa mwendo wake hadi chini ya ngazi, akatoa Glock, akasubiri.

"Shuka, Fundi. Polepole. Mikono niione."

Fundi Saa aliliangalia koti, kisha uso wake. "Wangekupiga," alisema. "Umechanganyikiwa?"

"Nimechoka. Lala chini."

Alimfunga pingu za plastiki. Dakika kumi baadaye pikapu ya Toyota iliwasili na askari wanne wakamchukua. Ng'ambo ya uwanja wanawake walikuwa wameketi kwenye kivuli cha ukuta, na dobi akiwagawia maji kwa ndoo yake ya kufulia.

"Kazi nzuri," Kanali alisema sikioni. "Niandikie ripoti kabla ya saa kumi."

"Andika mwenyewe. Nipe Rubani."

Redio ilikwaruza. Pumzi ya mtu anayejizuia kulia.

"Shangazi, kidole kilikuwa juu ya kitufe."

"Najua, mwanangu."

"Nilikuwa naanza kubonyeza. Halafu nikaona huchechemei."

"Basi andika hivyo hivyo. Ulichokiona, si ulichoambiwa. Na unywe maji."

Alichomoa kidude sikioni, akakitia mfukoni. Koti alimpa sajini kama ushahidi. Kisha akavuka uwanja kwa hatua za taratibu, akifunga kitambaa chake upya, akielekea pale kwenye ukuta. Mama mmoja mwenye tumbo kubwa alijisogeza kumpa nafasi.

Akakaa. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani.