Hina Mbele ya Maiti

Maiti ya Garabedi, Muarmenia mpiga picha, ilikutwa alasiri ndani ya hema lake la giza la kusafishia picha, mbele ya hekalu la Wanubi, mkanda wa ngozi umezama shingoni. Kioo alichotoka kupigia picha kilikuwa vipande, kingali kimelowa dawa ya fedha.

Kijiji kilisema ni majini. Kadhi Burhani hakuwajua majini wanaofunga fundo. Alijua kwamba Tabidi, mpishi wa msafara wa marehemu na mume wa bintiye, alikuwa amefungwa kamba mikononi kwa kuwa alisikika akigombana na marehemu, na kwamba kesho yake adhuhuri mashua ya askari ingemchukua kwenda kunyongwa. Askari walikuwa wameagiza maiti isizikwe kabla hawajaiona.

Asubuhi alimhoji Tabidi kivulini mwa ukuta.

"Mligombana?"

"Alisema dengu zangu hata ngamia angezitema, baba. Na kweli zilikuwa mbichi. Mtu huuawa kwa dengu?"

"Nionyeshe vidole."

Vilinuka vitunguu, basi. Vya marehemu vilikuwa vyeusi kama vya mchoma makaa. Dawa ile gizani ni kama maji, marehemu aliwahi kumweleza Kadhi. Ikipigwa na jua huiachia ngozi weusi usiooshwa kwa siku nyingi.

Naumu, mkalimani wa msafara kutoka Kairo, alikuja na kahawa. Viganja vyake vilikuwa vyekundu kwa hina.

"Pole, maulana. Mkweo kajichongea."

"Uliwahi kuingia hemani, Khawaja?"

"Mimi? Ile harufu? Hata siku moja."

"Na hina hii?"

"Jua lenu limenipasua mikono. Wanawake wa hapa walinikandia jana jioni."

Mabaharia wa msafara, waliokuwa wakimlinda Tabidi, waliacha kunywa kahawa. Tabidi alicheka kwa uchungu. "Mwongo we! Maiti haijazikwa, mwanamke gani wa hapa atagusa hina? Mama yake mwenyewe angemfukuza!"

"Umeikanda mwenyewe," alisema Kadhi. "Unaficha kitu. Njoo hapa juani, utanue vidole."

Badala yake Naumu alichomoa kisu, akamkaba Kadhi. Katikati ya vidole vilivyomshika, chini ya wekundu, Kadhi aliuona weusi.

"Nilikuwa nikiubandua uso wa mfalme uliochongwa ukutani mwa hekalu," Naumu alihema. "Kuna mnunuzi anayeungoja Kairo. Garabedi akafunua kamera. Nikasimama tuli asinione, kioo kikaninasa. Nikamfuata hemani nikivunje, akanishika."

"Ungekimbia," Kadhi alinong'ona. "Kioo huhitaji muda; anayekwenda mbio hakimpati."

"Nalijua hilo! Nimewatafsiria wageni mara ngapi! Wewe umewahi kuogopa, maulana?"

"Naogopa sasa."

Tabidi, mikono ingali imefungwa, alimrukia Naumu kwa bega. Kisu kikaanguka mchangani. Mabaharia wakamlalia mkalimani.

"Baba, kimbia!" Tabidi alipiga kelele.

Kadhi hakukimbia. Alisimama palepale, macho wazi, tuli kabisa, kwa muda ambao ungekitosha kioo chochote kumpiga picha.