Kilichoziba Chemba ya Jengo la Usafi

"Arobaini elfu! Tulisema arobaini. Hiyo kumi na tano imetoka wapi? Imezaliwa mfukoni mwako?"

"Ni choo tu, fundi. Hujengi ghorofa."

"Choo tu? Basi kunja shati hilo, uingize mkono wako mwenyewe!"

Msimamizi wa Jengo la Usafi alirudi nyuma, leso puani. Alikuwa mtu wa kunukia, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakaribia kukata. Mbele yake alisimama Mama Bomba, mpira mrefu wa kunyonyea maji machafu ukiwa umeviringwa begani. Mtaa mzima ulimwita hivyo, Mama Bomba, ingawa hakuwa na mtoto. Jina la kazi hilo, alikuwa akisema, na mwenye kucheka akachekee mbali. Aliishi peke yake, vyumba viwili. Kimoja alilala, kingine aliweka mabomba, juu ya kitanda kifupi alichokikuta, sijui kilikuwa cha nani.

Jua lilikuwa linazama. Wapita njia walipita upande wa pili wa barabara, kama kawaida yao. Kila mtu alijua kazi ya jengo lile. Vitabu, picha, nyimbo, chochote kilichochafua vichwa vya watu, kililetwa hapa kusafishwa. Kilisafishwaje, hakuna aliyeuliza. Hata Mama Bomba, na ukali wake wote, hakuuliza. Yeye aliuliza bei.

"Haya, arobaini," msimamizi akakubali. "Lakini umalize kabla ya giza. Na usiingie ndani."

"Niingie kutafuta nini? Na huyo aliyewapakia rangi hapo ni kipofu?"

Alinyoosha kidole ukutani. Kiraka cha rangi mpya, cheupe kuliko ukuta wenyewe, kimepakwa chini chini, kimo cha kiuno. Kazi mbaya ilimuudhi, hata ikiwa ya mtu mwingine.

Msimamizi aliingia ndani haraka.

Mama Bomba akabandua mfuniko wa chemba, lile shimo la zege ambamo mabomba ya vyoo vyote hukutana.

Akarudi nyuma.

Alikuwa amekwisha kunusa kila uchafu ambao binadamu anaweza kuutoa. Huu haukuwa mmoja wao. Harufu hii haikuwa ya choo. Ilikuwa ya kinywa. Kinywa cha mgonjwa alfajiri, kabla hajasukutua... vinywa vingi, vimefumbuliwa pamoja usoni mwake.

Chemba ilikuwa imejaa pomoni. Uji wa kijivu, mzito, wenye nyuzi za mate zinazovutika. Mapovu yalipanda taratibu, yakapasuka. Pwa... pwa... Na chini ya mapovu kulikuwa na sauti nyingine, ndogo, kama darasa la watoto wanaosoma kimya kimya, midomo tu ikicheza.

"Gesi," alijiambia. "Gesi tu."

Akachovya fimbo. Ikatoka na msuko wa nywele, mfupi, umetafunwa ncha.

Akaukung'uta pembeni. Arobaini elfu ni arobaini elfu.

Kazi ya mpira anaijua kila fundi wa mtaani asiye na pampu. Ncha moja unaizamisha shimoni, nyingine unaishusha kwenye mtaro ulio chini zaidi. Hapo mtaroni unafyonza kwa mdomo. Unasikia uzito ukija ndani ya mpira, unautoa mdomoni upesi, uchafu unapita wenyewe. Mama Bomba alikuwa akijisifu kwamba hajawahi kuonja hata tone.

Alipiga magoti mtaroni. Akafyonza.

Hakusikia uzito. Uji haukuja kama maji yajavyo. Ulikuja mbio, kama kitu kilichokuwa kikingojea mlango.

Ukamjaa mdomo.

Kwa mshtuko akameza funda zima. Na pale pale, mahali fulani ndani yake, kitu kikazimika. Kidogo tu. Hakujua ni nini.

Uliobaki ulimkaa ulimini. Vuguvugu. Mabonge ya karatasi iliyotafunwa ikalainika, gundi, mate ya mtu mwingine, chengachenga za chaki. Alifumbua mdomo ateme...

Na akakumbuka.

Akakumbuka kwamba mtaa wake ulikuwa na jina lingine. Kwamba maji ya mto yalikuwa yakinyweka, na ni kiwanda cha nani kilichoyaharibu. Wimbo mzima, na watu waliochukuliwa kwa kuuimba. Yalikuja moja juu ya jingine, yananuka, na yote alikuwa akiyajua zamani.

Kisha akakikumbuka kitanda.

Kitanda kifupi. Magoti madogo chini ya shuka. Sauti kavu, ya ubishi, kama yake mwenyewe:

"Mama, kwa nini nisiulize?"

Akauziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Aliona chaki mkononi mwa mtoto. Aliona ukuta ule, kimo cha kiuno, kabla haujapakwa rangi. Maandishi ya kupinda, makubwa:

MNAKULA NINI HUMU NDANI?

"Usimeze..."

Sauti ilitoka juu yake. Dirisha dogo la choo lilikuwa wazi. Kizee kilichungulia, mashavu yamening'inia, fizi nyekundu bila jino hata moja, midomo imechubuka.

"Usimeze, mwanangu," akanong'ona. "Mimi ndiye mtafunaji. Wananiwekea dawa ulimini, wananiletea vitu. Nikitafuna, watu wanasahau. Nikimeza... hakirudi tena. Hakuna anayekirudisha."

Mama Bomba aliusukuma uji shavuni. "Ulimtafuna mwanangu?"

"Madaftari yake. Viatu. Nywele. Kila kilichokuwa na jina lake." Macho ya bibi yalilowa. "Tumbo langu limechoka, mama. Limeoza. Nikawa natafuna tu, nikija chooni natema. Natema, navuta maji. Nilidhani yatakwenda mbali..."

"Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

"Mimi huletewa vitu. Siletewi watu."

"Yuko wapi, bibi?"

"Usiku nasikia... kwenye korido ya chini. Kama hatua ndogo. Sijui. Naogopa kushuka." Akanusa hewa, uso ukamkunjamana. "Wewe hujameza, siyo? Niambie hujameza."

Mama Bomba akajishika tumbo, pale lile funda lilipoishia.

Hatua za viatu zikasikika ndani. Dirisha likafungwa.

Mpira uliendelea kuhara. Uji ulikuwa ukipita mtaroni, chini ya lango, hadi barabarani, na harufu ya vinywa ilitangulia mbele yake. Huko nje mtu alisimama ghafla, akainua pua. Mwanamke mwingine akasimama. Kisha mwanamume mzima akaanza kuita, kwa sauti ya kitoto:

"Kaka?... Kaka?"

Msimamizi akatoka, leso puani, noti mkononi.

"Naona unapita. Hongera, fundi. Arobaini kamili, hesabu."

Mama Bomba alinyanyuka. Uji ulikuwa umemtuna shavuni kama jipu. Aliogopa kuutema, asije akasahau tena. Aliogopa kuumeza zaidi. Ulikuwa ukipoa, na nyuzi za mate ya yule kizee zilikuwa zikimshukia kooni. Kila zilipomgusa koo, alikaza shingo kuzizuia.

"Weka fedha yako," akasema kwa shida. "Nataka mwanangu."

"Mwana gani? Wewe huna mtoto, fundi. Mtaa mzima unajua."

"Ninaye. Ana chaki. Ana ubishi."

"Sawa." Msimamizi akashusha leso. Kwa mara ya kwanza alitabasamu, na meno yake yalikuwa meupe, mengi, hayajafanya kazi. "Anaitwa nani?"

Mama Bomba akafumbua mdomo kulitaja.

Akaona macho ya mtoto. Akaona kovu la gotini. Akajiona mwenyewe mlangoni, jioni, akimwita aje ale, midomo yake ikifunguka... na hapakuwa na sauti. Pale palipokuwa na jina palikuwa peupe, kama kile kiraka ukutani.

Lile funda la kwanza.

"Unaona?" msimamizi akasema kwa upole. "Chukua fedha, mama. Nenda nyumbani ukasukutue."

Barabarani sauti zilikuwa zinaongezeka. Watu waliita majina, mengine wakiyapata, mengine wakikwama katikati. Chini, ndani ya jengo, kwenye sakafu ambayo hakuna bomba linaloifikia, kitu kilikwaruza ukuta. Taratibu. Kama chaki.

Msimamizi alikisikia pia. Tabasamu likamtoka.

Mama Bomba akazipiga noti, zikatawanyika mtaroni. Akamshika kola ile iliyopigwa pasi, uji ukimchuruzika kidevuni, ukilidondokea shati jeupe.

"Jina mmenilisha," akasema. "Mtoto nipeni."