Miwani ya Etabo

"Usivue! Geuza kichwa pole pole, uangalie nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Bustani. Halafu bahari."

Awut aligeuza kichwa. Miwani ile nzito, yenye nyaya zilizorudi hadi kwenye kompyuta, ilimfunika kuanzia paji la uso hadi puani, asione ila dunia ya gemu. Etabo alikuwa ameachiwa miwani hiyo na mgeni mmoja aliyekuja kambini Kakuma mwaka huo wa 2013 kufundisha vijana kompyuta, na tangu hapo banda lake la gemu halikuwa na pa kukanyaga. Lakini mchana, watu wakienda kula, alikuwa analifunga kwa ajili ya mtu mmoja tu.

"Etabo, mlango ya hii nyumba iko wapi?"

"Haina. Unajikuta tu ndani."

"Kama kambi," Awut akasema, na hakuwa anatania.

Asubuhi hiyo alikuwa amepata ujumbe kutoka Juba: "Gari ni Ijumaa. Kaka yako amekubali. Jiandae. Manyang." Huyo Manyang alimwona mara moja tu maishani. Awut akitaka kwenda Lodwar kumsalimia mama yake Etabo, lazima aombe kibali cha kutoka kambini na kungoja wiki nzima. Kupelekwa Juba kuolewa, hakuna hata aliyemuuliza. Alikuwa amechoka kufungiwa.

"Ulisema utaongea na kaka Mabior."

"Nitaongea."

"Ulisema hivyo Pasaka. Siku hizi nikikuuliza, unanivalisha hii kitu."

Bahati ya Etabo, simu yake ikalia.

"Ni mama. Network iko huko nje. Dakika moja, usivue!"

Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya banda. Baada ya muda Awut akasikia hatua zikiingia na kusimama kando ya kiti. Akanyoosha mkono, akapata mkono mwingine, akaung'ang'ania.

"Usiseme kitu, nisikilize. Manyang simtaki. Lakini Mabior nitamwambiaje? Tulipokimbia vita alinibeba mabegani siku nne. Mtu kama huyo unamkatalia? Ndio nikakutegemea wewe, na wewe ni mwoga. Ijumaa nitapanda gari. Sitalia mbele yake."

Mkono ule ukambana vidole. Awut akaupapasa, akafika kidole cha shahada, akakuta hakina ncha.

Kidole kile alikijua tangu utotoni. Akaivua miwani.

Mbele yake alisimama Mabior. Nyuma, mlangoni, Etabo alikuwa amekauka na simu mkononi.

"Kaka, nisamehe."

"Ng'ombe za Manyang hazijafika," Mabior akasema taratibu. "Ni maneno tu ilifika. Maneno inaweza kurudi." Akamgeukia Etabo. "Wewe. Kwa nini hukukuja kwangu?"

"Mkubwa... ukiniangalia hivyo, mdomo inakauka."

Awut angecheka kama si machozi. Mabior akaichukua miwani na kuivaa mwenyewe.

"Haya. Sasa sikuoni. Sema."

Ikamtoka Etabo yote kwa pumzi moja.

"Nampenda Awut, nataka kumuoa, baba mdogo yuko Kanamkemer, hapo Lodwar, nikimpigia atakuja na wazee Jumamosi tuongee mambo ya ng'ombe."

"Gari ni Ijumaa."

"Alhamisi! Watakuja Alhamisi!"

"Mpigie nikisikia."

Etabo akabonyeza simu, vidole vikikosea mara mbili.

"Ejok, baba mdogo," akamsalimia kwa Kiturkana. "Ni Etabo. Kuna msichana... Ndiyo, wa hapa Kakuma. Kaka yake yuko hapa anasikia. Hapana, si mchezo!"

Jenereta ikakohoa, ikazimika. Petroli ilikuwa imeisha. Kompyuta nayo ikazimika, na banda likawa kimya isipokuwa sauti ya Etabo akimbembeleza mzee.

"Kaka, stima imepotea," Awut akasema. "Vua sasa."

"Ngoja," Mabior akajibu, miwani bado usoni. "Bado naangalia bustani."

Awut akatazama kioo cha kompyuta, cheusi tii. Akatazama chozi lililokuwa linateremka chini ya miwani hadi kidevuni kwa kaka yake. Akamshika tena mkono ule, na hakumharakisha.

"Ndiyo, baba mdogo," Etabo alikuwa anasema. "Alhamisi, asubuhi."