Nailoni Ukutani

Siku fundi Rola alipoingia kwenye duka la kuchapa, foleni ya fotokopi ilikuwa imetoka nje ya mlango ikajikunja hadi kwa muuza viatu. Yeye hakupanga foleni. Aliingia kama mwenye jengo, ngazi begani, na watu wakampisha, si kwa heshima bali kwa kuogopa kuchafuliwa. Ovaroli yake ilikuwa na alama ya kila nyumba aliyowahi kupaka. Ukitaka historia ya mji ule hukuhitaji maktaba, ulimgeuza tu ukamsoma mgongoni. Wanasema aliwahi kupaka ukuta mweupe ukang'aa mpaka majogoo wa mtaa mzima wakawika saa tatu usiku, na anayebisha akawaulize majogoo.

Nyuma ya kaunta alikaa mchapaji. Gauni la kijani lenye kola nyeupe, miwani imepandishwa kwenye nywele, vidole vinakimbia juu ya kibodi bila kuangaliwa.

"Dada mrembo, nichapie pendekezo la kazi. Daktari wa meno anataka kliniki yake ipakwe rangi, na leo anataka maandishi."

"Kuna foleni, kaka."

"Langu fupi."

"Haya, sema."

Mzee mmoja aliyekumbatia vyeti vyake akaguna. Rola akakohoa kidogo, akatamka kwa madaha: "Nitapaka kliniki yako. Itapendeza sana. Asante."

Vidole vikasimama. "Halafu?"

"Weka na namba yangu ya simu."

"Kaka, hii ni kazi au salamu?"

Foleni ikaangua kicheko. Rola naye akacheka, lakini masikio yalimwaka moto, maana kwa maneno hayohayo alishakosa shule moja, benki moja na ukumbi wa harusi. Kazi hizo zote zilichukuliwa na mafundi ambao kwa brashi hawamfikii hata kifundoni.

"Rudi saa kumi, foleni ikiisha," mchapaji akamwambia, na safari hii aliishusha miwani ili amwone vizuri.

Saa kumi alirudi kaoga, shati limenyooka kama limekatwa kwa rula. Mchapaji akamvutia kiti.

"Unapaka kuta tu, au na dari?"

"Na dari, si inajulikana?"

"Haijulikani mpaka iandikwe. Milango?"

"Milango haimo."

"Basi tuandike kwamba haimo, la sivyo daktari atakuja kuidai. Kile kiti cha kung'olea meno, nani atakihamisha?"

"Kile hakihami, kimefungwa kwa nati. Nitakifunika turubai."

"Andika. Rangi unapiga mikono mingapi?"

"Praima, ile rangi ya msingi, mkono mmoja, rangi yenyewe miwili. Ila kuta za nyuma zina unyevunyevu, lazima nizisubiri zikauke kwanza."

"Kwa nini?"

"Kila mtu anajua kwa nini."

"Mimi sijui."

Akamweleza jinsi ukuta mbichi unavyoisukuma rangi ikavimba kama uso wa mtu aliyeumwa na nyuki. Mchapaji alisikiliza, shavu kiganjani, kisha akasema taratibu: "Sasa fundi, hayo unayoyajua peke yako ndiyo ya kuandika. Ukimwachia mteja akisie, atakisia mabaya."

Karatasi ilipotoka, kila kitu kilikuwa mahali pake: kazi, maandalizi, vifaa, ufundi, muda, dhamana, na yasiyohusika. Rola akaisoma kama mtu anayejiona kwenye kioo kwa mara ya kwanza akajikuta mzuri. Daktari akatia sahihi bila kuuliza swali.

Jioni ile Rola akapiga simu. "Mchapaji wangu."

"Wako tangu lini?"

"Nimeomba nafasi, nasubiri jibu."

"Maombi yako hayajanifikia."

"Nimeyatuma kwa macho."

"Macho hayana muhuri, fundi. Lala salama."

Akalala akiutabasamia ukuta. Simu zikawa za kila siku, soda baridi zikawa za kila Jumamosi, na Jumapili moja akapelekwa nyumbani kwa mama mtu, mkunga mstaafu, mama asiyepepesa macho. Ukuta wa sebuleni ulikuwa unabanduka magamba.

"Mama, ukuta huu niachie mimi," Rola akasema.

Akaukwangua. Ndani akakuta maji yanavuja polepole kutoka bomba la bafuni, akaliziba. Kisha akakata kipande cha nailoni, akakigandisha ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, akasimama akakiangalia kwa furaha. "Nitarudi," akasema, akaenda zake kuanza kliniki.

Kwa fundi wa rangi, jambo hilo halihitaji maelezo. Matone yakitokea nyuma ya nailoni, ukuta bado mbichi. Nailoni ikibaki kavu, lete brashi. Lakini sebule ile haikuwa na fundi wa rangi hata mmoja.

Wiki ikapita, na nyingine nyuma yake. Kliniki ilimmeza Rola. Alitoka alfajiri, akarudi hoi, simu zikapungua. Shangazi alipokuja kusalimia akauliza kama lile ni dirisha jipya. Mama akamgeukia bintiye: "Mwenzio kanibandua ukuta, kanibandikia mfuko, kaondoka. Na wewe je, atakubandua hivyohivyo aondoke?" Mchapaji akaitazama simu yake. Alikuwa anasubiri neno moja, lolote, la kumjibu mama.

Neno likaja mchana mmoja, Rola akiwa juu ya ngazi, simu kaibana kwa bega.

"Mpenzi, vipi nailoni?"

"Nini?"

"Nailoni ya ukutani. Ina majimaji?"

"Wiki mbili hujaonekana nyumbani. Mama ananitazama kama mgonjwa. Unapiga simu kuulizia nailoni?"

"Ni muhimu, mpenzi."

"Basi nenda ukaioe nailoni!"

Simu ikakatwa. Akapiga tena, haikupokelewa. Akapiga mara ya tatu, akaambiwa hapatikani. Rola, mtu ambaye hakuwahi kuyumba hata kwenye ngazi ya ghorofa tatu, akashika ukuta mbichi kwa mikono yote.

Chini yake daktari wa meno alipita na ile karatasi mkononi. "Fundi, jirani ananiuliza kwa nini kuta za nyuma umezikalia. Nikamwambia soma hapa, zinasubiri kukauka. Ingekuwa hukuandika, ningeshakufukuza."

Rola akashuka ngazi bila kuhesabu vipago. Mteja alimweleza. Mpenzi alimwachia akisie.

Saa kumi alikuwa dukani, shati limenyooka, na siku hiyo alisimama kwenye foleni, nyuma ya yule mzee wa vyeti. Zamu yake ilipofika, mzee akakaa pembeni kungoja nakala zake.

"Tukusaidie nini, kaka?" mchapaji akauliza, miwani machoni.

"Pendekezo la kazi."

"Sema."

"Anza na maelezo. Ukuta wa mama ulikuwa na maji, bomba nimeziba. Nailoni ni ya kupimia: ikiwa na matone nyuma, bado, ikiwa kavu, napaka. Nilidhani kila mtu anajua. Hilo ni kosa langu, liandike."

Vidole vikapunguza mwendo. "Nilipomlalamikia mama mchana, kaniambia aliibandua juzi akakuta matone. Akairudisha palepale, akasema hapo pana jambo linaangaliwa."

"Mkunga yule!"

"Kazi yenyewe?"

"Kuoa."

Mzee wa vyeti akageuka mzimamzima kutazama.

"Kuoa nani? Andika wazi."

"Mchapaji wa hapahapa, mwenye gauni la kijani."

"Kazi inahusisha nini?"

"Kila kitu."

"'Kila kitu' si jibu, fundi."

"Kupika siku nikiwahi kurudi. Kusema naenda wapi na kwa nini nimechelewa. Kumsikiliza mama."

"Mikono mingapi?"

"Yote niliyo nayo."

"Yasiyohusika?"

"Kuondoka bila maelezo."

"Dhamana?"

"Nikianza kubanduka, narudia kwa gharama yangu."

Foleni ikacheka, naye mchapaji akauma mdomo asicheke. "Unaanza lini?"

"Nailoni ikikauka."

Akachukua simu, akaiweka sauti ya juu. "Mama, nailoni inasemaje?"

"Kavu! Kavu tangu asubuhi, nimepitisha na kidole. Mwambie aje na brashi. Na mjomba wake pia, kama ana nia ya kuoa, tuzungumze posa."

Mchapaji akabonyeza kitufe, karatasi ikatoka ya moto. Akavua miwani, akafuta macho kwa kola ile nyeupe, akachukua kalamu na kutia sahihi mahali pa mteja.

"Nakala ngapi?" akauliza.

"Mbili," Rola akasema.

"Tatu," ikasema simu, ambayo hakuna aliyekumbuka kuikata. "Moja ya mama."