Chumba Kisichoitikia

Jua lilikuwa linazama Spika alipotundika ukutani paneli ya mwisho ya kuzuia mwangwi. Jina hilo alipewa na majirani kwa kuwatengenezea redio maisha yake yote, na hata nywele zilipomkimbia, masikio yalimbakia.

Paneli alizitengeneza mwenyewe: fremu za mbao, ndani sufi, juu kitambaa alichoshonewa na dada yake. Sufi aliitoa kwenye godoro la marehemu mkewe. Dada yake alipogundua, alishika kiuno.

"Kaka, godoro alilofia mtu ndilo unalolitundika sebuleni?"

"Sufi ni sufi, dada. Kazi yake kunyonya sauti."

"Haya. Mimi simo." Akakusanya sindano zake, akaenda zake.

Kilichomsukuma Spika ni kaseti. Mkewe alijirekodi akiwa mgonjwa, akamwachia salamu. Maneno yote yalisikika isipokuwa ya mwisho, aliyoyanong'ona. Visikizi vya masikioni vilimpa mvumo wa mkanda tu. Akiicheza kwenye spika, mwangwi uliyameza maneno, maana baada ya msiba aligawa viti, kabati na mazulia. Kila alichokitazama kilimuuma. Sebule ikabaki kuta tupu, ukikohoa, inakukoholea.

Tena mwangwi wenyewe ulikuwa wa ajabu. Mafundi hupima chumba kwa makofi. Spika alipiga mawili, likarudi moja. Laini, tena limechelewa. Kila jioni alirudia, na kila jioni likarudi lile lile moja. Ni kona mbaya za chumba, alijiambia, na akazidi kuuchukia ule mwangwi. Hata hivyo, alikuwa anaupigia kila jioni. Hakuwa na mwingine wa kumpigia.

Sasa alisimama katikati ya chumba, akapiga makofi mawili.

Kimya.

Alitabasamu. Kazi imekubali! Akaweka kaseti, akabonyeza. Sauti ya mkewe ikaja kavu na karibu, kama amekaa naye mkekani. Machozi yakamtoka. Salamu zikaisha. Kisha ule mnong'ono, safi, neno kwa neno:

"Mume wangu... usinicheke. Nikishaondoka, ukizidiwa na upweke, piga makofi mawili. Nitakuitikia kwa moja..."

Mkanda ukakatika.

Spika alirudi katikati ya chumba. Alipiga mawili tena. Kuta zikanyamaza. Akapiga kwa nguvu, viganja vikawaka moto. Hakuna.

"Mama watoto," alinong'ona. "Ni mimi."

Alizing'oa paneli, misumari ikachana kitambaa, akazirundika sakafuni. Kuta zikabaki tupu kama zamani. Akapiga mawili.

Yakarudi mawili.

Mwangwi tu, wa kuta tu. Spika alikaa chini akalia kwa sauti, na kuta zikamlilia vilevile, bila huruma. Siku zote zile alikuwa akiitikiwa, naye akakata mbao na kujaza sufi ili asiitikiwe.

Ndipo harufu ikamjia. Ya dawa ya kuchua, ile aliyokuwa akimpaka mkewe mgongoni.

Pa.

Kofi moja. Halikutoka ukutani. Lilitoka kwenye rundo, ndani ya sufi, limefifia kama la mtu aliyefunikwa blanketi.

"Nipo!" Akapiga mawili.

Pa. Kisha... pa. Pa, pa, pa.

Furaha ikamganda kifuani. Huko hakukuwa kuitikia tena. Mtu anayeitikia hupiga mara moja, akatulia. Huyu alikuwa anagonga afunguliwe.

Alichana paneli ya juu kwa kucha. Sufi ikamwagika. Hamna kitu. Ugongaji ukahamia ya chini yake. Akachana hiyo. Sufi. Ukahamia nyingine, haraka zaidi, kama mtu anayekosa pumzi. Akachana, akachana, sufi ikamjaa puani na kinywani, mpaka ikabaki paneli moja.

Asubuhi dada yake alimkuta ameikumbatia, mweupe kwa sufi kuanzia kichwani.

"Kaka, ndani mna nini humo?"

Spika akaweka kidole mdomoni. Dada yake akatega sikio, akarudi nyuma hatua moja, mkono kifuani.

"Sasa si umfungue?" alinong'ona.

"Nikifungua nisimkute," Spika akasema, "nitampigia nani makofi?"

Ndani ya paneli, ugongaji uliendelea. Ulikuwa umeanza kuchoka.