Mpaka Ambao Karanja Hakuufunga

Jumapili ile soko la Kibuye lilifurika watu, na Maximilla, ndani ya gauni lake la manjano alilojishonea mwenyewe, alikuwa akifoka kwenye simu mpaka wauza mitumba wakageuka kumtazama.

"Mto ni wangu! Jaribu kuleta jeshi lako huku Silindi uone!"

Kijana mwenye shati la drafti aliangusha suruali aliyokuwa akijipimia. "Silindi? Kumbe malkia ni wewe? Mimi Karanja. Yule wa ramani."

Wueh! Mwaka mzima walikuwa kundi moja la simu, watu kumi na wawili wenye nchi zao za kubuni katika dunia moja ya mchezo, na wawili hawa hawajawahi kuonana. Karanja ndiye aliyewachorea mipaka. Mpaka uliofungwa kwa wino haukuvukwa ila kwa vita. Palipoachwa wazi, anayewahi anachukua.

Kuanzia siku hiyo simu zikawa kila jioni.

"Malkia, mpaka wako upite juu ya mlima ama chini?"

"Si nilikuambia jana? Juu, bwana!"

"Nilisahau. Hiyo sauti yako inanichanganya."

"Wacha uongo!" Lakini alikuwa akicheka, na cherehani imesimama.

Miezi miwili akaulizwa yale yale. Kisha Jumamosi moja Wekesa, rafiki wa Karanja na mwenzao wa mchezo, akapenya pale mlimani palipokuwa bado wazi na kuimeza Silindi yote. Maximilla aliona giza. Kumbe maswali yote yale yalikuwa ya kumpumbaza ili rafiki yake ajiandae! Akaifungia namba ya Karanja.

Wiki tatu hakutulia. Alishona mikono ya blauzi kinyume, akafumua, akashika simu, akaiweka, akaishika tena. Nchi ilimuuma, Karanja alimuuma zaidi. Ya nne ikamshinda, akapanda boda mpaka Otonglo, kwenye duka la Karanja la madaftari na fotokopi.

Ramani ilikuwa ukutani. Mipaka yote ilikuwa ya wino, isipokuwa wa Silindi. Huo ulikuwa wa penseli, umechorwa na kufutwa na kuchorwa tena mpaka karatasi imetoboka.

"Wekesa alikuahidi nini?"

"Hakuna. Aki Maxi, hakuna." Karanja hakuinua macho. "Ulinijibu siku ya kwanza, na sikusahau. Lakini ningeufunga huo mpaka, ningekupigia nikuambie nini?"

Maximilla aligusa pale karatasi ilipotoboka. Hasira ilikuwa pale pale, na mapenzi pia, vikisukumana kifuani.

"Nirudishie nchi yangu."

"Siwezi. Sheria ni ya wote. Mimi ndiye nimekupotezea, na sitajitetea."

Angejitetea, Maximilla angeondoka. Badala yake alivuta kiti, akatoa simu na kuifungulia ile namba mbele yake.

"Nipigie leo jioni. Na ukiniuliza habari ya mlima, nakata."

"Sasa nitasema nini?"

"Sema unanipenda, mjinga wewe! Miezi miwili nangoja."

Karanja hakungoja jioni.